LIVINGSTONE ALIFIKA KWIHARA AKIWA HAI, AKARUDI AKIWA MAITI: mkono wake ulivyotoa ushahidi

Wale mnaosoma mkiwa kafe na mnaziona dakika zinavyokimbia pale kwenye kona ya skrini, leo mnivumilie, maana stori yenyewe ni ndefu na sitaki kuikata vipande.

Nianze na msiba. Mtaani kwetu hapa Tabora, siku za nyuma, alifariki mtoto wa kiume wa miaka kama sita hivi. Tukaambiwa kaanguka mwembe. Watu wa Tabora mnajua, kuanguka mwembe kwetu sio habari mpya, mji mzima miembe na kila mtoto anapanda. Asubuhi alikuwa anatapika na kusinzia, mchana hayupo tena, na jua halijazama tukawa tumeshatoka makaburini. Msiba ulipoisha ndio maneno yakaanza. Eti mbona haukuwa msimu wa embe? Eti mbona mama wa kambo hakulia sana? Eti kichwa kilikuwa kimevimba kwa nyuma. Maneno yakazunguka bombani, gengeni, saluni, mpaka yule mama akafungasha virago akarudi kwao. Na mimi nisijitoe jamani, niliyasema hayo maneno na nikayatia chumvi. Mpaka leo hakuna anayejua kama yule mtoto alianguka au alipigwa. Hakuna daktari aliyemtazama baada ya kufa. Kaburi likafunga kila kitu.

Sasa mnajiuliza, hilo na Livingstone vinahusiana vipi? Vinahusiana sana. Jumapili moja nilipanda baiskeli nikaenda Kwihara, hapo kilomita chache nje ya mji, kuliona lile tembe ambalo siku hizi ni makumbusho. Shuleni tulikaririshwa kwamba Livingstone na Stanley walikaa pale, tukajibu mtihani, tukasahau. Kitu ambacho sikukariri ni kwamba huyu mzee alifika Kwihara akiwa hai mwaka 1872, na mwaka uliofuata akaletwa tena akiwa amekufa, amefungwa kama mzigo. Ndani ya mzigo ule kulikuwa na mfupa mmoja uliovunjika miaka karibu 30 nyuma yake, na mfupa huo ndio uliokuja kusema ukweli mbele ya madaktari wa London. Haya, twende pamoja.

MTOTO WA KIWANDANI

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji mdogo wa Blantyre huko Scotland, familia ya hali ya chini kabisa. Alipofika miaka 10 aliingizwa kazini kwenye kiwanda cha pamba, kuunganisha nyuzi zinazokatika kwenye mashine, kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 2 usiku. Ndio, hata Ulaya watoto waliwahi kufanyishwa kazi namna hiyo. Pesa ya kwanza aliyopata alinunua kitabu cha kujifunzia Kilatini, na baada ya kazi akawa anaingia darasa la usiku. Mwaka 1836 akaanza masomo ya udaktari Glasgow, mwaka 1840 akapata cheti chake, na Machi 1841 akashuka Cape Town akiwa mmisionari wa London Missionary Society.

Mwaka 1844, mwezi Februari, alikuwa Mabotsa, kusini mwa Afrika, kati ya watu wanaosema Kitswana. Simba walikuwa wanamaliza mifugo ya kijiji. Livingstone akatoka na wanakijiji kwenda kuwasaka, akampiga simba mmoja risasi, na wakati anajaza tena bunduki yule simba aliyejeruhiwa akamrukia, akamshika mkono wa kushoto karibu na bega, akamtikisa kama mbwa anavyotikisa panya. Aliyemwokoa alikuwa mwalimu Mwafrika aitwaye Mebalwe. Mebalwe alielekeza bunduki kwa simba, simba akamwacha Livingstone na kumgeukia yeye, akamng'ata paja. Mwisho simba akaanguka kwa zile risasi za mwanzo. Livingstone akabaki na majeraha 11 ya meno, na mfupa wa mkono kati ya bega na kiwiko umesagika.

Huo mfupa haukuunga vizuri. Mahali ulipovunjika pakawa panacheza, yaani pakajitengeneza kiungo cha uongo ambacho Mungu hakukiweka pale. Tangu siku hiyo hakuweza tena kuunyanyua mkono ule vizuri juu ya bega. Madaktari wa kwao waliomkagua miaka ya baadaye waliujua ule ulemavu. Shika hapo msomaji wangu, tutaurudia.

MTU WA KUTEMBEA

Mwaka 1845 alimuoa Mary Moffat, binti wa mmisionari mwenzake. Kwa kweli kama unatafuta mume wa kukaa nyumbani, huyu hakuwa. Aliwaburuza mke na watoto jangwani, mtoto wao mchanga Elizabeth akafa mwaka 1850, mwisho akawarudisha Uingereza na yeye akaendelea kutembea. Kati ya 1854 na 1856 alivuka bara zima kutoka Luanda mpaka Quelimane, na njiani, Novemba 1855, akafika kwenye maporomoko ambayo wenyeji waliyaita Mosi-oa-Tunya na yeye akayapa jina la malkia wake Victoria. Akarudi kwao shujaa. Mwaka 1858 akaletwa tena na serikali ya Uingereza kuchunguza mto Zambezi, safari iliyojaa ugomvi na vifo. Mary mwenyewe alikufa kwa homa huko Shupanga mwaka 1862.

Kwenye safari hiyo hiyo, Julai 1861, Livingstone na wenzake walikutana na msafara wa watumwa katika nchi ambayo leo ni Malawi. Walinzi wakakimbia, watumwa wakakatwa kamba na kuondolewa magogo ya shingoni. Kati ya waliofunguliwa alikuwemo kijana mdogo wa Kiyao aitwaye Chuma. Na wale walioachiwa walisimulia yaliyotokea njiani. Kulikuwa na mama mmoja aliyeshindwa kubeba mzigo na mtoto wake mchanga kwa pamoja. Walinzi waliamua mzigo ni muhimu zaidi, wakampasua yule mtoto kichwa.

Nilipoisoma hiyo nilisimama kwanza. Yule mtoto hana jina, hana kaburi, hana mfupa wowote uliohifadhiwa. Kilichobaki ni maneno ya waliokuwepo, yaliyoandikwa na mzungu kwenye kitabu. Njia hizi za misafara, na ya kwetu ya kutoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe kwenda Ujiji ikiwemo, zilipitisha watoto wengi, na hakuna aliyewahi kukaa akauliza yupi alikufa kwa homa na yupi kwa kipigo.

KWIHARA, 1872

Mwaka 1866 Livingstone alirudi mara ya mwisho, akashukia Mikindani, akitafuta chanzo cha mto Nile. Safari hii mambo yalimwendea vibaya, dawa zikaibiwa, wapagazi wakakimbia, mwili ukachoka. Wakati mwingine alilazimika kula na kusafiri na wafanyabiashara wale wale wa watumwa aliokuwa anawalaani. Julai 1871 akiwa Nyangwe, Kongo, alishuhudia wafanyabiashara hao wakifyatulia risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake, wakafa kwa mamia, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama mtoni. Akarudi Ujiji akiwa amevunjika moyo, na ndipo Novemba mwaka huo akatokea mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley. Salamu aliyompa kila mtu anaijua, siirudii.

Wakatembelea kaskazini ya ziwa Tanganyika, kisha wakaja kwetu. Tarehe 18 Februari 1872 waliingia Kwihara, kwenye lile tembe. Wakati huo Unyanyembe ilikuwa kwenye moto, Waarabu wa Tabora wanapigana na Mtemi Mirambo wa Urambo, njia hazipitiki. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi kwenda pwani kumtafutia wapagazi. Siku tano baadaye mzee akatimiza miaka 59, peke yake na watu wake, pale pale Kwihara.

Alikaa hapo zaidi ya miezi mitano akisubiri. Aliandika sana. Tarehe 1 Mei 1872 aliandika barua kwa lile gazeti la Marekani kuhusu biashara ya watumwa, na sehemu ya maneno ya barua hiyo ndiyo ilichongwa baadaye kwenye jiwe la kaburi lake. Yaani maneno yaliyoko London leo yaliandikwa hapa hapa jirani na kwetu, na sisi tunapita na baiskeli zetu hatujui. Wapagazi walipofika kutoka pwani, tarehe 25 Agosti 1872 akaondoka kuelekea kusini, ziwa Bangweulu, akiwa bado anaamini kwamba mto Lualaba ndio Nile. Alikosea, Lualaba ni Kongo. Kabla hajajua kwamba amekosea alikuwa ameshakufa.

FARIJALA ANASHIKA KISU

Alikufia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, tarehe inayotajwa sana ikiwa 1 Mei 1873. Watu wake walimkuta alfajiri amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa. Alikuwa ameharisha damu kwa muda mrefu.

Hapa ndipo wanaponivutia watu ambao vitabu vingi huwataja kwa mstari mmoja tu. Kulikuwa na Chuma, yule kijana aliyefunguliwa 1861, ambaye sasa ni mtu mzima. Kulikuwa na Abdullah Susi wa Shupanga, Jacob Wainwright aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India, Halima mpishi na wengine wengi. Wangeweza kumzika hapo na kurudi zao. Wakaamua kumpeleka kwao.

Mmoja wao aliitwa Farijala. Huko nyuma alikuwa mtumishi wa daktari Zanzibar, na alikuwa na ujuzi kidogo wa jinsi maiti inavyochunguzwa. Yeye na mwenzake Carras ndio waliofungua mwili. Wakatoa moyo na vitu vya ndani, wakavizika kwenye sanduku la bati chini ya mti, Wainwright akasoma sala za mazishi na kuchonga jina kwenye gome. Wakati wanafanya hivyo waliona bonge la damu iliyoganda, ukubwa kama kiganja cha mtu, upande wa kushoto. Walikumbuka walichokiona na kukieleza baadaye, na madaktari wa Ulaya wakatumia maelezo yao kufikiria nini hasa kilimuua. Hapo wadau ndipo nilipofurahi. Ule nao ulikuwa uchunguzi wa maiti, umefanywa porini na mtu asiye na cheti, mwaka 1873, na matokeo yake yakaandikwa.

Kisha wakatia chumvi, wakaukausha mwili juani siku 14, wakaukunja miguu, wakauviringisha kwa kitambaa na kuuingiza ndani ya gome la mti lililovuliwa zima, kama wafugaji nyuki wa Unyamwezi wanavyotengeneza mzinga. Nje wakashonea turubai na kupaka lami. Safari ikaanza.

MZIGO UNAFIKA TENA KWIHARA

Oktoba 1873 waliingia Unyanyembe. Wakamkuta Luteni Verney Lovett Cameron, afisa Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone akiwa hai. Cameron na wenzake walikuwa wanaumwa homa, taabani. Akawashauri wazike hapa hapa, njia ni mbaya, na makabila ya mbele hayapendi maiti kupita kwao. Ushauri wenyewe haukuwa wa kijinga, ulikuwa na sababu. Chuma na Susi wakakataa.

Nilipokuwa nimesimama pale Kwihara nilifikiria sana hiyo siku. Wangekubali, leo kaburi la Livingstone lingekuwa Tabora, tungepata watalii wa kutosha, lakini Ulaya wangebaki wanabishana mpaka kesho. Maana wapo waliokuwa hawaamini kabisa kwamba Waafrika wangeweza kubeba maiti ya mzungu mwendo ule wote. Wangesema ni uongo, mzee yuko hai mahali, au ni mwili wa mtu mwingine.

Mbele kidogo, Kasekera, wasiwasi wa Cameron ukatimia, wenyeji wakazuia maiti isipite. Wanaume wakatumia akili. Wakatengeneza mzigo wa mabua ya mtama, wakauvika sanda, wakatuma watu warudi nao Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Usiku ulipoingia, mabua yakatupwa porini. Maiti halisi ikatolewa kwenye gome na kufungwa upya kama robota la nguo za biashara. Hivyo ndivyo Livingstone alivyopita. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, miezi kama tisa tangu walipotoka kwa Chitambo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600, na wengine kati yao walikufa njiani.

LONDON, TAREHE 15 APRILI 1874

Meli ikaifikisha maiti Southampton tarehe 15 Aprili 1874, na Wainwright akiwa nayo. Siku hiyo hiyo ikapelekwa kwenye jumba la Royal Geographical Society London. Jioni akaitwa daktari mpasuaji Sir William Fergusson. Uso ulikuwa hautambuliki tena baada ya karibu mwaka mzima. Fergusson hakuhangaika na uso, alikwenda moja kwa moja kwenye mkono wa kushoto. Akauchezesha. Chini kidogo ya bega ukajikunja mahali ambapo mkono wa mtu haujikunji. Akapasua akaona kile kiungo cha uongo, alama ya mfupa uliovunjika zamani na usiunge. Ubishi ukaisha. Tarehe 18 Aprili Livingstone akazikwa Westminster Abbey.

Jiulize kwa nini mfupa ule ulitosha kumaliza ubishi. Kwa sababu maiti haijitibu. Mfupa ukivunjika mtu akiwa hai, mwili unaanza kuuhangaikia, unaujenga pembeni, unaulainisha ncha, hata ukishindwa kuuunga unaacha alama kwamba ulijaribu. Mfupa ukivunjika baada ya kufa, unabaki na ncha zake kama kijiti kilichokatwa. Kwa hiyo daktari anaweza kusema hili ni la zamani, hili la juzi, hili limetokea mtu ameshakufa. Na huwezi kuuhonga mfupa.

KUTOKA MKONO WA MZEE MPAKA KICHWA CHA MTOTO

Sasa nije kwenye kile kilichonipeleka Kwihara. Livingstone akiwa bado Zambezi, mwaka 1860 huko Ufaransa daktari Ambroise Tardieu alichapisha uchunguzi wa watoto 32 walioteswa na watu wazima waliokuwa wanawalea, wengine mpaka kufa. Wenzake hawakumsikiliza sana. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen akagundua eksirei, mfupa ukaonekana bila kisu. Na mwaka 1946 daktari Mmarekani wa picha, John Caffey, akaandika kuhusu watoto wadogo 6 waliokuwa na damu ya muda mrefu iliyovilia kati ya fuvu na ubongo. Alipowapiga eksirei mikono na miguu akakuta sehemu 23 zimevunjika, zingine zimeanza kuunga na zingine bado mbichi, na wazazi hawana maelezo. Ni hesabu ile ile ya Fergusson, safari hii kwa watoto wasioweza kujieleza. Mwaka 1962 Henry Kempe na wenzake wakalitaja jambo hilo waziwazi, kwamba ni watoto wanaopigwa.

Kichwa cha mtoto ni kigumu kukisoma kuliko mkono. Fuvu lake bado lina mistari ya maungio, na asiyejua anaweza kuiona ni ufa. Mashine ya CT, iliyotumika kwa mgonjwa wa kwanza Uingereza mwaka 1971, inakata picha za kichwa vipande vyembamba na kuzipanga upya, unaligeuza fuvu zima kwenye kompyuta bila kuligusa. Inaonyesha vizuri nyufa na damu. MRI inaonyesha vizuri zaidi ubongo wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 madaktari wa Bern, Uswisi, walianza kutumia mashine hizo kwa maiti katika kesi za polisi, na sehemu mbalimbali duniani zimefuata. Familia zinazotaka kuzika haraka kwa sababu ya dini, au zisizotaka mwili ukatwe, zinaweza kukubali picha hata kama zinakataa kisu.

Ila tusidanganyane, picha nazo zina mipaka. Baada ya kufa damu inajisogeza, ubongo unavimba na kulainika, joto likizidi mambo yanaharibika haraka, kwa hiyo picha inatakiwa mapema na isomwe na mtu aliyesomea maiti za watoto. Mara nyingi bado kisu kinahitajika. Na kuna ugonjwa wa damu au wa mifupa unaoweza kufanana na kipigo. Wataalamu wa Sweden, katika ripoti ya mwaka 2016, walipitia utafiti uliokuwepo wakasema ushahidi hautoshi kuthibitisha kwamba mtoto alitikiswa kwa kuangalia dalili tatu tu za damu kwenye ubongo, damu nyuma ya jicho na ubongo kuvimba. Wengine wakawapinga, mjadala upo.

Na picha inaokoa pia wanaosingiziwa. Mfano mzuri ni Tutankhamun, farao wa Misri aliyekufa akiwa na miaka kama 19, zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Eksirei za mwaka 1968 zilionyesha vipande vya mfupa ndani ya fuvu. Watu wakadaka, eti alipigwa kisogoni, na wauaji wakatajwa kwa majina kwenye vitabu na televisheni. Januari 2005 akaingizwa kwenye mashine ya CT, zikatoka picha kama 1,700, na wataalamu hawakuona dalili ya kipigo cha kichwani. Vile vipande vilikatika akiwa ameshakufa. Umbea wa miaka zaidi ya 30 ukaanguka.

Nikamkumbuka yule mama wa kambo wa mtaani kwetu.

TUFANYEJE SASA

Miaka ya karibuni mashine za CT zimekuwa zikipelekwa kwenye hospitali za rufaa za mikoa yetu. Wagonjwa walio hai watangulie, hilo halina ubishi. Lakini hata bila mashine kuna mambo yanawezekana. Kifo cha ghafla au cha mashaka kinatakiwa kufika polisi, na daktari anaweza kuagizwa kuchunguza maiti kabla ya mazishi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kuteswa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali za mitaa. Simu ya kusaidia watoto ni 116. Na msidhani ni mambo ya mbali, utafiti wa kitaifa uliofanyika 2009 ulikuta takriban robo tatu ya vijana wetu, wa kike kwa wa kiume, walipata kipigo au ukatili wa mwili kabla ya miaka 18.

Na mtoto akianguka kweli, kama anatapika, anasinzia kusiko kwa kawaida, anachanganyikiwa au degedege linamshika, huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo, sio wa kulazwa mkekani tuone kesho itakuwaje. Yule wa kwetu alitapika asubuhi nzima. Labda angepona. Labda angesema mwenyewe kilichotokea.

Jacob Wainwright, aliyesimamia maiti ya Livingstone mpaka Westminster, alirudi Afrika na akafia Urambo mwaka 1892, hapo hapo mkoani kwetu. Yeye na Chuma na Susi na Farijala na Halima walimbeba mtu mzima mmoja miezi tisa, kwa sababu waliona mwili wake hautakiwi kupotea hivi hivi. Sisi tulikuwa na mtoto mmoja, na hospitali haikuwa mbali, na hatukumpeleka akiwa hai wala akiwa maiti. Tulichofanya ni kumzika na kubaki na maneno.

Mwezi uliopita nilipata namba ya yule mama. Sijampigia bado. Sijui nitaanzia wapi baada ya shikamoo, ila nitampigia.

Kwa leo niishie hapa wadau, dakika zenu zimekwisha. Kama mtaani kwenu kuna msiba wa namna hii uliozikwa haraka, tupia maoni hapo chini, ila majina ya watu tafadhali msitaje. Nawasilisha.